Zamu ya Mkawasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla sijaweka mkoba chini. Nilikuwa nimeripoti katika hospitali moja ya serikali pale Voi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, cheti cha uuguzi wa magonjwa ya akili ndani ya bahasha, na kichwa kimejaa maneno makubwa ya chuoni. Nikamkuta mgonjwa wangu wa kwanza, mwanamume wa makamo, amekaa kitandani anatazama ukuta. Nikavuta kiti nianze kumhoji. Metroni, yaani muuguzi mkuu, akaingia, akanikagua kutoka utosini hadi kwenye viatu, akauliza, "Sista Wakesho, huyu kaletwa na nani?"

Nikasema sijui.

"Basi toka nje ukajue. Ukirudi humu bila jibu nitakupeleka chumba cha upasuaji ukaoshe mikasi."

Nje kwenye benchi walikuwa mke wa mgonjwa, kaka zake wawili na mama mkwe, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Nilikaa nao mpaka chai ya saa nne ikanipita. Niliporudi nilikuwa nimejua kwamba wale kaka hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kwamba mgonjwa wetu ndiye aliyekuwa akibeba maneno baina yao, huku anatukanwa na kule anatukanwa, mpaka siku aliyoamua kutosema tena na mtu yeyote. Metroni akacheka kicheko chake cha puani. "Sasa una wagonjwa watano na kitanda kimoja," akasema. "Karibu kazini."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo, mnaokaa kwenye ofisi zenye kochi na ua la plastiki mezani. Siwaonei wivu, msidhani. Kochi ningelipenda sana, mgongo wangu ungelipenda zaidi. Ila nataka mjue jinsi kazi ilivyofanywa huku kwetu, na hasa nataka kuwaeleza habari ya binti mmoja wa Ronge, maana ndiye aliyenifundisha kazi nikiwa tayari nimeifanya miaka mingi na nimeota mvi.

Kwanza tuelewane maneno, msije mkapotea njiani. Tiba ya mazungumzo ni kumtibu mtu kwa kuzungumza naye kwa utaratibu. Ikiwa fupi, maana yake mnakubaliana tangu mwanzo kwamba mtaonana mara chache tu, na kila mkionana mnalishika jambo moja lililo mbele yenu. Hamzunguki mpaka kwa mababu. Huduma ya dharura ni ile unayompa mtu siku dunia imempasukia: ajali, msiba, au siku amesema hataki kuishi tena. Na tiba ya familia ni kuwaketisha wote pamoja, kwa sababu anayeletwa hospitali mara nyingi ni yule tu aliyeshindwa kuvumilia wa kwanza.

Kutoka Voi nilihamishiwa Taveta, nikakaa huko mpaka nikajua kusalimia Kitaveta na kula ndizi za kila namna. Kisha nikarudishwa Voi chini ya Daktari Mkuu mpya, mtu wa Pwani, mpole wa sura na mkali wa kazi. Huyo alinifundisha dharura. Lori liliacha barabara pale Miasenyi likaingia kwenye vibanda vya akina mama wanaouza matunda na mahindi ya kuchoma. Kwa bahati kubwa hawakufa, lakini walitetemeka, wengine wakicheka ovyo, mmoja akipanga maembe yaliyopondeka kana kwamba wateja wanakuja. Nilishuka kwenye gari la hospitali nimejiandaa kuwauliza wanajisikiaje.

"Usithubutu," akasema Daktari Mkuu. "Mtu ameponea chupuchupu, unamuuliza anajisikiaje? Muulize watoto wake wako wapi. Muulize amekunywa maji. Muulize leo ataenda kwa nani."

Nikauliza hivyo hivyo. Yule mama wa maembe aliposikia neno watoto aliacha kupanga, akashika kichwa, akalia kwa sauti, na wenzake wakamzunguka. Daktari Mkuu akanikonyeza. Hapo nikaelewa kwamba katika dharura kwanza unamweka mtu mahali salama, pili unatafuta watu wake, tatu unampa jambo dogo la kufanya leo. Mengine yatasubiri.

Nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wanahesabu wajukuu, nikarudi chuo kikuu kufanya utafiti. Watu walinicheka, wacha wee! Dada yangu aliniuliza kama nataka kuzikwa na joho. Lakini nilikuwa na swali lililoniwasha. Vitabu tulivyosomea vilimtaka mgonjwa aje kila wiki mwaka mzima. Sasa niambie, mtu wa Wusi ateremke mlima kila wiki aje Voi kunisimulia utoto wake, kabichi atamvunia nani? Nilitaka kujua kama vikao vichache, visivyozidi sita, tukiwa na familia nzima, vingeweza kumtoa mtu kwenye hatari na asirudi huko tena.

Aliyenisimamia alikuwa Profesa mmoja wa kutoka bara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Taita alikuwa anaipita tu kwenye treni akienda Mombasa. Siku ya kwanza alisoma pendekezo langu lote mbele yangu, mimi nikitokwa jasho, kisha akavua miwani.

"Bi. Wakesho, hawa watu unataka kuwatibu au kuwachunguza?"

"Vyote viwili, Profesa."

"Basi utachoka mara mbili. Na usiniletee familia zinazosema wote wako sawa. Familia ya namna hiyo ndiyo ngumu kuliko zote."

Nikasema ndiyo, Profesa, nami moyoni nikasema huyu atanieleza nini kuhusu familia za kwetu. Nilikuwa na kiburi kidogo. Nilizaliwa Wusi, Kidawida, lugha yetu Wataita, ndicho nilichonyonya, na desturi za nyumbani nilizijua kabla sijajua kusoma. Nilimwona kama mgeni wa kukaribishwa chai.

Ndipo akaletwa Mkawasi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mdogo bado, mnyoofu, nywele zimesukwa vizuri na blauzi imepigwa pasi. Aliyemleta ni mwalimu mwenzake. Walikuwa wakisahihisha madaftari pamoja, Mkawasi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba kalamu, kwamba haoni sababu ya kuendelea kuishi. Yule mwenzake hakungoja. Alimshika mkono wakapanda gari mpaka Voi. Mungu ambariki yule mama, maana wengi wangesema ni uchovu tu wa muhula.

Nilimuuliza wazi: "Mkawasi, unafikiria kujiua?"

Akanitazama usoni. "Ndiyo, Sista."

Vijana, muulizeni hivyo hivyo. Msizungukezunguke. Kuna wanaoogopa kwamba ukilitaja jambo unampa mtu wazo. Siyo kweli. Anayelifikiria anapumua ukilitaja, kwa sababu amelibeba peke yake. Mkawasi aliposema ile "ndiyo" mabega yake yalishuka. Nikamwita daktari, akapewa dawa za kumsaidia, na siku ile ile tukapanga mpango wa usalama: nani atakuwa naye, vitu gani viondolewe nyumbani, dalili gani zikianza ampigie nani simu, na akishindwa na hao aende wapi. Mwalimu mwenzake akakubali kukaa naye. Mimi nilirudi nyumbani nikaacha chakula mezani. Nilikuwa nimeshazika wagonjwa wawili watatu katika maisha yangu ya kazi, na sura ya yule binti ilinikaa kifuani.

Kikao cha kwanza cha familia tulikifanya Voi. Alikuja mama yake, na alikuja nyanya yake mzaa baba, bibi kizee mwembamba aliyejifunga leso mbili na aliyetembea bila fimbo. Baba hakuwepo. Alikuwa ameuawa na ndovu alfajiri moja, akifukuza kundi lililoingia kwenye mahindi yao Ronge, upande wa nyika. Hayo nilielezwa na mama kwa ufupi, macho yake yakiwa sakafuni. Mkawasi ndiye mkubwa, nyuma yake wadogo wote bado shuleni.

Nikaanza na maswali ya mzunguko. Hiyo ni mbinu ya tiba ya familia: humuulizi mtu habari zake mwenyewe, unamuuliza habari za mwenzake. "Mama, Mkawasi akinyamaza, nani hutambua kwanza?" Mama akasema wote wanatambua. "Nyanya, mama Mkawasi akihuzunika hukimbilia kwa nani?" Nyanya akasema huenda kanisani. "Mkawasi, nyanya akikasirika nyumbani hufanyika nini?" Mkawasi akasema nyanya hakasiriki. Kila niliyemuuliza alinihakikishia kwamba nyumba yao ina amani, wanapendana, hakuna shida, ila tu huyu mtoto amechoka. Nikakumbuka maneno ya Profesa, nikakasirika kwamba alisema kweli.

Walipotoka, mama alirudi peke yake akidai amesahau kitambaa. Akafunga mlango.

"Sista, wewe ni mtu wa nyumbani, nitakwambia. Ni nyanya. Ana kitu moyoni."

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi, lakini nyinyi huenda mkahitaji. Sisi Wadawida wa zamani tuliamini kwamba hasira inayofichwa moyoni na mkubwa wako inaweza kukudhuru, hata kama mwenyewe hakutaka. Mtoto anaugua, mvua inakosekana, mimba inatoka, watu wanaulizana: nani ana hasira? Akipatikana, anaombwa atase. Kutasa ni hivi: mtu anachota kinywaji mdomoni, pombe ya miwa zamani, siku hizi hata maji, anakipuliza nje, na anasema waziwazi kilichomkaa rohoni, kisha anatakia heri. Hasira inatoka pamoja na yale maji. Wahubiri walituambia ni mambo ya kizamani tuyaache. Tukayaacha hadharani. Nyumbani, mambo yakizidi, watu hujua kikombe kiko wapi.

"Anakasirikia nini?" nikamuuliza.

"Baada ya mazishi niliwahamisha watoto kutoka boma lake nikawapangia nyumba karibu na shule. Hakusema neno. Ndiyo maana. Tumemwomba atase mara nyingi, anatasa, na mtoto bado ni vile vile. Hatoi yote, Sista. Anabakisha."

Nami, niliyesoma mpaka macho yakauma, nikakubaliana naye kabisa! Niliitikia kwa kichwa nikasema tutaliangalia. Kikao cha pili chote nilimzunguka yule bibi kwa maswali, kwa Kiswahili na kwa Kidawida, nikitafuta hasira yake mpaka akaniuliza kwa upole kama nimepoteza kitu kwake. Mkawasi aliketi pembeni mikono imepakatwa. Nilipomtaka aseme, toka sifuri mpaka kumi, tumaini lake liko wapi, alisema mbili. Wiki iliyotangulia alikuwa amesema tatu.

Hiyo mbili ilinitisha. Nilimpigia Profesa simu. Nikamwambia ninaona binti anateleza nami siwezi kumshika.

"Daktari anajua?"

"Anajua. Ameongeza uangalizi, na mwenzake haondoki kando yake."

"Vizuri. Kikao kijacho kifanyie nyumbani kwao. Nami nitakuja nikae kimya."

Alikuja kweli, kwa treni ya asubuhi, amevaa viatu vya mjini. Tukaenda Ronge, bomani kwa nyanya, mchana ule jua likichoma, mahindi mapya yameanza kutoa masuke, na kwenye ukingo wa shamba zimening'inizwa chupa na mabati ya kutisha ndovu. Nyanya alitupokea kwa heshima zote. Alimuuliza Profesa habari za kwao, za mvua ya kwao, za wazazi wake, mpaka Profesa akasahau kwamba aliahidi kukaa kimya. Tukaketi uani kwenye viti vya mbao, Mkawasi amebanwa katikati ya mama yake na mwalimu mwenzake.

Sijafungua mdomo, nyanya akasimama. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati chenye maji.

"Najua kilichowaleta," akasema. "Mnanitafuta mimi. Basi nitatasa tena, mbele ya mgeni, mtu asije akasema nimebakisha."

Mama akainamisha kichwa. Nyanya akachukua maji mdomoni, akayapuliza kuelekea nje ya ua, akasema kama kuna neno moyoni mwake kuhusu nyumba kuhamishwa liende na maji haya, mtoto apone, aishi, aolewe, azae. Akapuliza tena. Halafu akaketi, amechoka, akaweka kikombe mapajani. Niliona ni mtu aliyefanya kwa moyo wote jambo asilolihitaji. Hakukuwa na kitu ndani yake cha kutoka. Nilimwangalia Mkawasi: anatazama udongo.

Kwenye utaratibu wangu wa utafiti hapakuwa na kikombe. Nikamgeukia Profesa nikitarajia kwamba ataniangalia vibaya. Yeye alikuwa ameinamia mbele, anatazama kile kikombe kama mtoto anayeangalia fundi akifungua saa.

"Samahani, nyanya," akasema. "Naomba kuuliza, mimi si wa huku. Na Mkawasi, zamu yake ya kutasa ni lini?"

Ala! Nilitaka kumfinya. Mama alishtuka mpaka leso ikamdondoka begani. "Hapana, Profesa," akasema haraka. "Anayetasa ni mkubwa. Mtoto atamtasia nani? Hasira ya mtoto haina uzito."

"Aa," akasema Profesa. "Sikujua. Niwieni radhi."

Swali lile likanipiga kichwani. Tangu mama afunge ule mlango tulikuwa tukitafuta hasira ya mkubwa, kwa sababu kwetu ndiyo inayotafutwa. Nilikuwa nimekaa na binti anayetaka kufa, na swali la kama ana hasira halikunijia hata kidogo, kwa sababu alikuwa mdogo na alikuwa mpole. Ilibidi aje mtu asiyejua desturi aulize. Nilimtazama Mkawasi na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona mikono yake imekunjwa ngumi.

Nyanya naye alikuwa anaiangalia mikono ile.

"Mpe kikombe," akasema.

"Mama!" akasema mama Mkawasi. "Mtoto amtasie mkubwa wake?"

"Mkubwa mwenyewe ni mimi. Na mimi nimesema apewe."

Mama hakusogea. Nyanya akanyanyuka mwenyewe, akajaza kikombe kutoka mtungini, akamkabidhi mjukuu wake kwa mikono miwili, kisha akaketi mbele yake. "Sema, mwanangu. Usinionee haya."

Mkawasi alikishika kikombe, akayatazama maji. Nilimsogelea nikamwambia taratibu kwamba halazimishwi, na kwamba akitaka tuache tutaacha. Akatikisa kichwa kwamba tusiache. Akachota maji mdomoni, akapuliza vibaya, mengine yakamwagika kidevuni. Kisha maneno yakatoka.

"Nyanya, siku tulipomzika baba ulinishika mkono pale kaburini. Wadogo zangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nimeanza kulia. Ukaniambia nisilie. Ukaniambia mimi ndiye baba wa nyumba hii sasa." Sauti ilianza kupanda. "Mimi si baba! Mimi nilikuwa mtoto wake. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na sijamlilia mpaka leo. Wadogo wakiumwa, mimi. Mama akilia, mimi. Ndovu wakirudi, naulizwa mimi tutafanya nini. Nimechoka kuwa baba. Nikafikiri, baba amekufa, basi na mimi nikifa nitakuwa nimemaliza kazi yake. Nakukasirikia, nyanya. Nakukasirikia sana."

Mwalimu mwenzake alikuwa anafuta machozi waziwazi. Mama alijishika mdomo. Mimi nilibana viganja vyangu, maana katika kazi yetu kuna wakati ukisema neno lolote unaharibu.

"Haijaisha," akasema nyanya. "Tasa tena."

Akapuliza tena. Akasema mengine, ya mama yake, ya baba yake aliyetoka alfajiri ile bila kuamsha mtu, ya ndovu, ya Mungu mwenyewe. Hakumbakiza mtu. Nyanya alikuwa akiitikia kila neno kwa kichwa. Maji yalipoisha akamjazia mengine.

Mwisho Mkawasi akashusha kikombe, akahema. Desturi inataka umalizie kwa heri, naye aliijua. Alimtazama yule bibi kizee, akasema, "Na uishi, nyanya."

Nyanya akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Lile neno nililokwambia kaburini lilikuwa langu, na nilikosea. Nilikuwa nimefiwa na mwanangu, nikatafuta mtu wa kushikilia, nikakushika wewe. Nalichukua neno langu mbele ya hawa wote. Wewe si baba wa mtu. Baba yako amekufa. Mlilie."

Akalia. Jamani, alilia! Alilia mpaka majirani wakachungulia juu ya ua, na nyanya akawafukuza kwa mkono bila kugeuka. Mama yake alimkumbatia kwa nyuma. Profesa alikuwa amenishika kiganja, nami nikamwachia.

Msije mkasema Sista Wakesho anatibu kwa maji ya kikombe. Mkawasi aliendelea na dawa mpaka daktari aliposema basi. Tulimaliza vikao vyetu vyote. Katika kilichofuata tuligawa kazi za nyumba ile: mama achukue shughuli za shule za wadogo, nyanya akae nao siku za soko, na mambo ya ndovu yapelekwe kwa baba mdogo aliyekuwa akikaa Mwatate akijifanya hana habari. Mpango wa usalama tuliuacha umebandikwa ndani ya kabati lake hata baada ya yeye kusema hauhitaji. Na nilipomuuliza toka sifuri mpaka kumi, alisema sita, akafikiria, akasema, "Hapana, Sista, leo nina hasira na mwalimu mkuu. Weka tano." Sikuwahi kufurahia tano namna ile.

Utafiti nikaumaliza. Profesa alisisitiza niandike wazi kwamba mchunguzi mwenyewe, kwa kuwa ni mtu wa desturi ile, alikuwa haoni alichopaswa kuona. Niliandika nikinuna, lakini niliandika. Tangu hapo, katika kila familia niliyoketi nayo, awe ni mtu wa Kasigau, mfanyabiashara wa bara aliyehamia Voi au Mswahili wa mjini, nilijifunza kumtafuta yule ambaye desturi yao haimpi nafasi ya kukasirika. Mahali pengine ni mdogo. Mahali pengine ni mke, au mkwe, au mwanamume aliyeambiwa wanaume hawalii. Yupo kila nyumba. Na nyinyi mkifanya kazi kwenye kabila lenu wenyewe, mwiteni mgeni mmoja awe anawauliza maswali ya kijinga.

Siku ya kustaafu wenzangu walinipikia pilau, wakanisifu kwa mambo mengine ambayo sikuyafanya, wakanipa blanketi. Niliwashukuru, nikarudi Wusi kulima. Watu huniuliza kama naitamani kazi. Ng'o! Nilichoka vizuri. Kitu kimoja nilichoogopa ni kwamba nikishaondoka nitabaki nikijiuliza kama wale niliowaacha bado wako hai au la, kwa sababu katika kazi hii mtu akipona haji tena, na asipopona pia haji. Hao wawili kwa mbali hufanana.

Mkawasi hupiga simu. Ameolewa, amepata mtoto, na nyanya yake bado anatembea bila fimbo. Anapiga karibu kila wiki, na sijawahi kumsikia akianza kwa salamu ndefu. Anaanza na malalamiko. Mume anaacha viatu mlangoni. Mama anamharibu mtoto kwa sukari. Nyanya amemwambia hajui kupika, naye amemjibu hapo hapo. Juzi alinikasirikia mimi mwenyewe, kwamba sikupokea simu siku mbili na je, kama nimekufa, nani angemwambia? Akanigombeza mpaka salio lake la simu likaisha katikati ya sentensi.

Nikaketi pale kwenye kabichi zangu na simu mkononi, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikampigia, aendelee.